Winfrida, mwanamke anayesubiri kusindikizwa

Saa moja asubuhi, Winfrida Damiani anashuka kwenye baiskeli yake mbele ya duka la Miraji, ingawa safari yake haijaisha. Nyumba anayokwenda iko mbele bado, ng'ambo ya mashamba ya alizeti na miamba miwili iliyoegemeana. Njia inapitika na tairi zina upepo wa kutosha. Hata hivyo anaiegemeza baiskeli ukutani, anamwachia mwenye duka na kukaza kitenge chake kiunoni.

"Mama Luciana, hii baiskeli nitaiuza," anasema Miraji, huku akipanga vipande vya sabuni mezani. "Inashinda hapa kuliko kwako."

"Uza. Ila ukimpata mnunuzi, mwambie breki hazishiki."

"Hayo mnunuzi haambiwi."

Winfrida anacheka, anaanza kutembea.

Ni mhudumu wa kujitolea wa ustawi wa jamii katika kitongoji kilicho nje kidogo ya Ilongero, mkoani Singida. Ana miaka arobaini na minne, watoto watatu, na ekari mbili za alizeti anazozilima kwa jembe la mkono. Kazi yake ni kutembelea kaya zaidi ya thelathini zenye wazee wasio na wa kuwatunza, watu wenye ulemavu, yatima na wagonjwa wa muda mrefu. Huwajulia hali, kisha huwatafutia msaada pale unapopatikana: kituo cha afya, ofisi ya kata, kanisani, msikitini, au kwa jirani mwenye mkokoteni.

Hana mshahara. Kuna posho ndogo, na kuna miezi haifiki.

"Mume wangu alishaniuliza, hivi wewe umeajiriwa na nani," anasema. "Nikamwambia, nikijua nitakuambia."

Baiskeli aliyoiacha dukani ililetwa na shirika moja lililowahi kuwafadhili wahudumu wa vijiji. Siku ya kugawiwa watu walipiga vigelegele. Winfrida, aliyekuwa akitembea kutwa nzima kwa ajili ya nyumba chache, sasa akawa anaweza kuzungukia kitongoji chote na kurudi kupika chakula cha mchana. Na kila alipofika, habari zilikuwa nzuri.

"Nzuri, nzuri, nzuri," anakumbuka. "Nikafurahi, nikasema watu wangu wameanza kupata nafuu. Kumbe walikuwa hawajaanza kusema."

Aliligundua hilo siku tairi ilipopata pancha, akalazimika kwenda kwa miguu. Mjane mmoja, ambaye kila mara alimjibu kuwa yuko salama, alimsindikiza hadi nje ya uzio wa miiba. Wakiwa wameshikana mikono ya kuagana, mama yule akamwambia kwa sauti ndogo kwamba jiko lake halijawaka tangu juzi.

Katika vijiji vya huku, mgeni hapokelewi kwa kuelezwa shida. Huketishwa kwenye kigoda, hupewa maji au uji, huulizwa habari za kwake, kisha huambiwa kwamba hapa sote salama. Kumwaga matatizo mbele ya mtu aliyeketi ni kumfukuza kabla hajapumzika. Neno lenyewe hutoka wakati wa kumsindikiza, watu wawili wakitembea sambamba, macho yakiwa mbele, hakuna anayeutazama uso wa mwenzake.

Na mwenye baiskeli hasindikizwi. Anapandia mlangoni, anapunga mkono, keshapotea.

"Ningekuwa nimetoka mbali ningesema sikujua," anasema Winfrida. "Mimi nimezaliwa hapa. Mama yangu alikuwa akisindikiza wageni mpaka tunamwita arudi. Ile baiskeli ilinisahaulisha."

Tangu siku hiyo huiacha kwa Miraji.

Asubuhi hii ya mwezi Mei, alizeti zikiwa zimeinamisha vichwa zikisubiri kuvunwa, anakwenda kwa Mzee Ezekieli. Mzee huyu amevuka miaka sabini na anaishi na mkewe, Esta, wawili tu. Watoto wao walishahamia Tabora na Dar es Salaam. Mwaka jana Esta alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala. Hawezi kusimama wala kugeuka mwenyewe kitandani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu kigoda."

"Za hapa?"

"Salama."

"Na mama?"

"Mama yupo ndani. Salama tu."

Mazungumzo yanahamia kwenye kuku. Mwewe amechukua vifaranga vinne wiki hii. Winfrida anauliza kwa nini asimtege. "Namwacha," anajibu mzee. "Naye ana watoto."

Ndani, Esta amelala chali, amefunikwa vizuri, nywele zimechanwa. Wanasalimiana kwa Kinyaturu, maneno ya mama yakitoka polepole upande mmoja wa mdomo. Winfrida anaona alama nyeusi kwenye kiwiko chake. Anapouliza, Esta anatazama mlangoni kwanza, kisha anasema aligonga kitanda.

Winfrida hamchimbi. Anamrekebishia mto, anatoka, anakunywa uji wake wa uwele bila haraka, anaaga.

Mzee Ezekieli anachukua fimbo yake na kuinuka.

Wakishavuka uzio, Kiswahili kinabaki uani. Njia yote wanaongea Kinyaturu. Wanaanza na mavuno. Mzee anasema alizeti mwaka huu zina vichwa vidogo. Wanafika kwenye miamba, mahali ambapo mwenyeji kwa kawaida husimama, huaga na kurudi. Mzee Ezekieli hasimami. Winfrida naye haongezi wala kupunguza mwendo.

"Jumapili nilimwangusha," anasema mzee.

Winfrida anaendelea kutembea, macho mbele.

"Mama alisemaje?"

"Aliniuliza kama nimeumia."

Hapo ndipo mengine yanapomtoka. Mgongo wake haumwinui tena mkewe. Kwa miezi amekuwa akiamka kabla ya majirani, anachota maji, anamwogesha Esta, anafua mashuka na kuyaanika nyuma ya nyumba, ili pakikucha asionekane mtu akifanya kazi hiyo. Baada ya Jumapili ameingiwa na hofu. Amempigia simu shemeji yake, Joseph, huko Mkalama, aje Jumamosi amchukue dada yake. Huko kwao kuna wanawake wengi.

"Mama anataka kwenda?"

"Sijamuuliza."

"Na wewe baba, unataka?"

Mzee anakata ua moja la alizeti lililokwisha kukauka, analigeuzageuza mkononi. "Tangu nimuoe hatujalala nyumba mbili, isipokuwa siku za misiba," anasema. "Lakini nikimwangusha tena atavunjika. Bora awe mbali akiwa mzima."

Winfrida anamuuliza kwa nini hakusema kwa majirani.

"Niseme nini, mwanangu? Kwamba mimi ndiye ninayefua nguo za mke wangu? Wanaume wataniimba kilabuni."

Wahudumu wengi, baada ya kusikia maneno kama haya, wangekimbilia ofisini. Winfrida ana swali moja ambalo hulitanguliza, na ambalo anasema ndilo lililomfanya aaminiwe na kitongoji kizima.

"Baba, nimwambie nani?"

"Siri si yangu," anaeleza baadaye. "Nikiibeba bila ruhusa nimeiba. Kwa hiyo namuuliza mwenyewe nimpelekee nani. Akinitajia jina, hapo ameshakubali kusaidiwa, hata kama hajajua."

Mzee Ezekieli analifikiria swali hilo hadi paa la duka linaonekana.

"Magreth," anasema hatimaye. "Ana mdomo mrefu. Lakini mikono yake ni mizuri."

Magreth ni jirani yao wa upande wa mashariki na kiongozi wa akina mama kanisani. Anapoelezwa alivyotajwa, anakubali yote mawili. Jioni hiyohiyo anaingia uani kwa Mzee Ezekieli bila kubisha hodi.

"Mzee wewe," anamwambia, "maji yanachotwa alfajiri na mapema, moshi unatoka usiku usiku, sisi tulishasema unapika gongo."

"Mngekuja kununua, mngejua," anajibu mzee. Ni mara ya kwanza kwa muda mrefu, anasema Magreth, kumsikia akitania.

Kesho yake Winfrida alikwenda kituo cha afya kumwomba muuguzi, Janeth, aje nyumbani. Janeth alifika baada ya zamu yake. Hakuleta kifaa chochote. Aliomba shuka nene, akalikunja, akawaonyesha namna ya kulipitisha chini ya mgonjwa kwa kumgeuza ubavu, na namna watu wawili, kila mmoja upande wake, wanavyoshika pindo, wanapiga magoti kidogo na kuinua pamoja. Mzee alikuwa akimnyanyua mkewe kwa makwapa, peke yake, na hivyo ndivyo walivyoanguka.

Magreth na jirani mwingine, Damari, walijaribu. Mara ya kwanza Esta aliguna. Mara ya pili alikaa kimya. Mara ya tatu walimfikisha kwenye kiti cha mlangoni, akaliona jua.

Wakapanga zamu za asubuhi. Kufua mashuka, mzee alikataa kuwaachia. Sasa huyaanika mbele ya nyumba.

Lakini shemeji alikuwa hajapigiwa simu asije. Mzee Ezekieli alisema si adabu kumwita mtu na kumrudisha kwa simu, tena kwa jambo la dada yake. Na moyoni, Winfrida anasema, mzee bado hakuwa na uhakika kwamba ana haki ya kumbakiza. Winfrida naye hakulala vizuri siku zile. Aliogopa kwamba Joseph angeona nyumba ya watu wawili wazee na kuamua kama ambavyo ndugu yeyote mwenye upendo angeamua.

Jumamosi Joseph alifika na gari la kukodi, godoro likiwa nyuma. Aliketishwa, akapewa uji, akaambiwa kwamba hapa wote salama. Alichinjiwa kuku. Kisha Magreth na Damari wakaingia ndani, na Joseph, akiwa amesimama mlangoni, akaona dada yake akiinuliwa kwenye shuka na kuletwa nje kukaa karibu naye.

Alimtazama kwa muda. "Dada," akasema, "gari lipo. Twende?"

Esta alijibu kwa Kinyaturu, neno moja moja. Wote waliokuwapo waliinama kucheka, mzee akageuka kujifanya anafukuza kuku.

"Alimwambia, godoro liache, wewe nenda," anasimulia Magreth.

Joseph aliliacha. Kabla ya kuondoka alimshika shemeji yake mkono na kumwomba, siku nyingine akielemewa, aseme mapema.

"Ninajifunza," Mzee Ezekieli anasema. "Lakini ni kazi ngumu kuliko kumbeba."

Winfrida hajamaliza na nyumba hii. Ameshafikisha kwa afisa ustawi wa jamii ombi la kiti cha magurudumu kwa ajili ya Esta. Ameambiwa limepokelewa; lini kitapatikana, hakuna anayejua. Kwa sasa fundi seremala wa kitongoji ameahidi kumwekea magurudumu ya mkokoteni kwenye kiti cha mbao, akimaliza kuvuna.

Winfrida anataka kiti hicho kiwe tayari kabla ya mvua. Hana mpango wa kumpeleka Esta mbali: si mjini, wala hata kanisani kwa kuanzia. Anataka afike kwenye kibanda cha jiko, hatua chache kutoka mlangoni, ambako hajaingia tangu augue.

"Juzi alininong'oneza," anasema Winfrida. "Mwaka mzima anakula ugali wa mzee, na mwaka mzima haujaiva. Hajamwambia, anamwonea huruma. Nataka akae pale mafigani, aushike mwiko kwa mkono wa kushoto, amwonyeshe."