Buti Zangu Katika Kisiwa cha Barafu

Safari hii ilianza kwa majigambo. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi katika ghala la nyama ya kugandishwa kule Minto, pembezoni mwa Sydney, na Korona ilipoufunga mji nikaachishwa kazi. Meli moja ya watafiti ilipotafuta msaidizi wa jikoni, niliwaambia kwamba baridi na mimi ni ndugu. Wakaniamini. Binti yangu Ange akawatangazia wanafunzi wenzake kwenye Zoom kwamba baba yake atakikanyaga kisiwa cha mwisho kabla ya Antaktika. Alitaka kitu kimoja tu: picha ya nyayo zangu kwenye theluji. Nikamwahidi.

Tulipoagana nyumbani kwetu Blacktown, mke wangu Espérance alinikabidhi kopo la pilipili alizozikausha mwenyewe.

"Wape wenyeji wa huko. Sisi Warundi hatuendi kwa watu mikono mitupu, hata kama watu wenyewe ni pengwini."

Baharini, undugu wangu na baridi ulivunjika mapema. Friza ya Minto ina mlango wa kutokea. Bahari ya kusini haina. Nilitapika hadi mpishi mkuu akaniruhusu kumenya viazi nikiwa nimelala.

Asubuhi moja kisiwa kikajitokeza: mlima wa barafu uliozama kichwa mawinguni, na chini yake ufukwe mweusi wa mawe ya volkano. Hakuna mti wala bandari. Watu hupelekwa pwani kwa mashua ndogo. Mkaguzi wetu, Karen, alizisugua buti za kila mtu kwa brashi, akazitanguliza kwenye mashua. Kisha akaliona kopo langu.

"Sorry, mate, no seeds. Chuck it in the bin."

Mbegu ngeni ikiota pale, alinieleza, itaharibu kisiwa kizima. Nilimwelewa. Lakini pilipili za mke wangu, zikatupwe pipani? Nikaona heshima ni kuzila. Nikatia konzi nzima mdomoni.

Nikakohoa. Siku zile kukohoa mbele ya watu kulikuwa sawa na kuchomoa panga. Nahodha hakutaka maelezo; nikapimwa, nikafungiwa chumbani. Mashua ikaondoka na buti zangu.

Basi kisiwa nilikivumbua kupitia dirisha la duara, dogo kama sahani. Niliwaona pengwini wakisukumana ufukweni, sili wamejilaza kama magunia, na barafu ikimeguka na kuporomokea baharini. Nililia, na safari hii si kwa pilipili. Ahadi ya mtoto ilikuwa imenipita mbele ya macho. Jibu lilipotoka kwamba sina ugonjwa, bahari ilikuwa imechafuka na mashua imekwisha kupandishwa melini.

Karen alibisha hodi, buti mkononi, akanionyesha simu yake. Kwenye theluji palikuwa na nyayo mbili safi.

"Safari nzima umetuimbia habari za binti yako," alisema. "Nimezikandamiza buti zako kwa mikono."

Nyumbani, Ange aliitazama picha ile kwa muda mrefu.

"But Baba, kuna mbili tu. Where did you walk from?"

Nilifikiria kusema nilishuka kwa helikopta. Nikamweleza yote. Espérance aliuliza tu kama pilipili zilikuwa kali.

Nilichojifunza ni kubeba zawadi ninayoweza kuimaliza mwenyewe. Ange naye aliwaambia wenzake ukweli, na ukweli ukafika kanisani. Jumapili tuliyoruhusiwa tena kukusanyika, mzee wa kanisa alinijia akitabasamu. Nikamnyooshea mkono. Akaupita, akainama hadi miguuni pangu, nilikovaa buti zilezile.

"Poleni na safari," akaziambia buti.