Nilikosoa Filamu kwa Wakwe, Sasa Wananitafutia Baba

Admin, nifichie jina. Na wewe ukinitambua kwa haya maneno, tafadhali pita kimya kimya.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minane, mzaliwa wa upande wa Mutomo, nilikolelewa na nyanya yangu, Susu kwa Kikamba, na sasa nafanya kazi ya saluni hapa Kalamba. Nina mchumba kutoka Mbooni, nitamwita Kyalo ingawa si jina lake. Tulikubaliana kwamba mvua ikiisha wazazi wake watapeleka kwetu mbuzi wa ntheo. Kama wewe si Mkamba, hao ndio mbuzi wanaofanya msichana ahesabike ameolewa. Bila hao, hata mfunge harusi ya kanisa na keki ya orofa tatu, wazee watasema bado mnacheza.

Shida ilianza na mdomo wangu. Mimi ni yule mtu huwezi kutazama naye filamu kwa amani. Nikiona mwanamke wa kijijini anateka maji na kucha zimepakwa rangi, lazima niseme. Nikisikia Kikamba cha kukariri, cha mtu aliyefundishwa asubuhi akaigiza mchana, lazima niseme. Nyumbani kwa kina Kyalo walinipendea hilo. Baba yake ni mzee wa kanisa na hacheki ovyo, lakini akiniona mlangoni alikuwa akisema, "Wekeni filamu, mkaguzi amefika."

Jumapili moja baada ya ibada tulikula, kisha dada yake Kyalo akaweka filamu mpya ya mambo ya Ukambani. Nikaanza kawaida yangu. Nikasema ile sufuria haijawahi kuona moshi, na yule mzee ameshika fimbo kama mwavuli. Watu wakacheka. Kisha ikafika sehemu ya iweto. Kwetu, mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kuoa mwanamke mwingine ili boma lake lisife. Si mambo ya kitandani. Yule anayeolewa ndiye iweto. Anazaa na mwanaume wa nje, na watoto wanakuwa wa yule mama mzee, wanachukua jina lake na shamba lake. Sasa kwa filamu, binti wa iweto alikuwa anaolewa, na mbuzi wakapokelewa na mjomba fulani wa mbali aliyetokea tu.

Nikasema, "Hapo wamedanganya. Mama mzee ndiye anapokea. Yeye ndiye mwenye boma, anakaa mbele na wazee na hakuna mtu anamuuliza. Hata mbuzi wangu si ni Susu atapokea?"

Nilisema kama mtu anayesema chumvi imepungua. Mama yake Kyalo akanigeukia polepole. "Si ulisema ulilelewa na nyanya yako?"

"Ndio, mama. Susu ndiye alimuoa mama yangu."

Baba yake Kyalo akazima TV, akasema tuombe.

Wallahi sikuwa nimeficha kitu. Kule kwetu si aibu. Mama yangu alifariki nikiwa sekondari na hakuwahi kuniambia mwanaume alikuwa nani, nami sikuuliza, maana hayo hayaulizwi. Aliyekuja mikutano ya wazazi shuleni ni Susu. Aliyenichapa nikikosea ni Susu, na aliyenitembeza kunionyesha mipaka ya shamba ni Susu.

Baada ya wiki chache Kyalo alikuja saluni, akasubiri wateja waishe. Akasema, "Babe, wazee wamekataa. Hawawezi peleka mbuzi kwa boma haina mwanaume, kanisa itasema nini? Lakini nimepata solution. Kuna mzee tunajuana naye, wa huko Kitui, ni mtu ameokoka. Atasimama kama baba yako. Siku moja tu. Susu anaweza kaa jikoni na wamama wengine."

Nikamwambia, "Kwa hivyo mnatafuta mwigizaji."

"Usianze," akasema. "Mimi nimejaribu. Ukikataa hii, siwezi enda kinyume na wazazi."

Na najua kweli amejaribu. Nampenda huyu mwanaume, na hilo ndilo linanimaliza, kwa sababu ningemchukia ningekuwa nimeshamaliza hii habari.

Nikaenda Mutomo. Nilimkuta Susu anapukuchua mbaazi, nikakaa chini nikamweleza yote bila kupunguza. Susu si mtu wa kuonewa. Kuna jirani aliwahi kusogeza ua wake kidogo tu, Susu akaung'oa mwenyewe kabla ya chai. Nilitaka akasirike. Nilitaka anitukanie wale watu wote, ili nipate nguvu ya kusema hapana.

Hakukasirika. Aliendelea na mbaazi zake, kisha akauliza, "Huyo kijana ni mtu mzuri?"

Nikasema ndio.

"Basi nitakaa jikoni, mwana wakwa. Mimi ni mzee, nitakaa popote. Wewe olewa."

Nikalia. Akaniacha nilie. Nilipoinuka kuondoka akaniita tena, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na huyo baba yako anakula nini? Nisije nikampikia kitu hawezi."

Tangu siku hiyo sina usingizi. Nikikataa, nampoteza Kyalo, na Susu ataona ni yeye amenizuilia ndoa. Nikikubali, nitapiga magoti mbele ya mzee nisiyemjua nikimwita baba, na yule aliyenilea atasikia kupitia ukuta. Nimelipindua hili jambo kila upande na sioni mahali pa kutokea.

Ndugu zangu, wewe ungekuwa mimi ungefanyaje? Nishaurini, hata kwa ukali. Lakini msiniambie niende nikaongee na Susu. Susu ameshakubali, na hapo ndipo pananiua.