Njia ya Kusini ya Ziwa la Chumvi

Vijana wa parokia yetu hapa Likasi wameanzisha kikundi cha baiskeli. Jumapili baada ya misa ya kwanza huvaa kofia ngumu na suruali za kubana ambazo mama zao huzitazama kwa masikitiko, wakaenda mpaka Kamatanda na kurudi kabla jua halijawa kali. Mwaka huu wamechoka kumeza vumbi la malori ya madini. Wakaja kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mtu mzima pekee wanayemjua anayepanda baiskeli kwa hiari yake, wakaniomba niwaandikie njia tulivu za kuzunguka ziwa la chumvi, kule bonde la Lufira, walikotoka watu wa baba yangu.

Niliwaandikia mbili. Ya kaskazini inapita juu ya udongo mgumu, haina mteremko wa kuogofya, na kuna kisima cha maji baridi karibu na kanisa la nyasi. Ya mashariki inapinda katikati ya vichuguu vikubwa kama nyumba, na mtu asiye na haraka atawaona korongo wakitembea kwenye maji ya kina kifupi. Ya tatu, ya kusini, ndiyo tulivu kuliko zote, nayo sikuiandika. Niliwaambia imeliwa na maji. Ni uongo, na si wa kwanza niliousema kwa ajili ya njia ile.

Baba yangu alifariki Jumatatu alfajiri, mwezi wa saba, baridi ikiwa imeshika mji. Mimi hufanya kazi Kakontwe, kwenye mizani ya malori ya mawe ya chokaa. Siku ile sikwenda. Wakubwa wa familia walikaa barazani wakapanga mazishi yawe Alhamisi alasiri. Sababu ya kungoja ilikuwa moja: dada yake mkubwa, shangazi yangu, baba mwanamke kama tunavyosema, alikuwa ziwani. Kila kiangazi maji yakirudi nyuma, yeye na wanawake wenzake huhamia ufuo wa kusini kuchemsha chumvi, na huko simu haishiki. Ndiye aliyemlea baba walipobaki yatima. Kumzika baba bila yeye kutupa udongo wa kwanza lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyetaka hata kulitamka.

Lakini kulikuwa na hofu nyingine. Miaka michache nyuma, alipoambiwa ghafla kifo cha mumewe, alianguka. Mdomo ulipinda, mkono wa kushoto ukafa ganzi kwa mwezi mzima. "Iko na tension," wajomba walirudiarudia, yaani shinikizo la damu, kama vile ni jina lake. Basi wakaamua hivi: mimi niende kumchukua, nimwambie tu kwamba mdogo wake anamwita. Dada yangu na mke wangu wangemngoja njiapanda na gari la kukodi, kwenye zahanati, na hapo ndipo angeambiwa, muuguzi akiwa pembeni na kipimo chake. Ulikuwa mpango wa watu wenye huruma. Ninasema hivyo kwa sababu baadaye kila mtu aliukana.

Kwa nini baiskeli? Kwa sababu shangazi alishaanguka na pikipiki akavunjika mkono, akaapa hataipanda tena. Kinga, kama tunavyoiita baiskeli huku kwetu, aliiamini. Jumanne asubuhi nilipakia yangu juu ya lori tupu linalokwenda kutafuta makala, yaani mkaa, nikateremka njiapanda, nikashika njia ya kusini.

Sijui niieleze vipi njia ile. Ni ukanda mwembamba wa mchanga wa kijivu, upana wa mtu na mzigo wake, ziwa mkono wa kushoto na msitu mkono wa kulia. Nyasi za kando zimefunikwa unga mweupe, na zikikupiga miguuni hukuachia mistari. Hakuna gari linaloweza kupita, kwa hiyo hakuna kelele ila mnyororo wa baiskeli na pumzi yako. Nilikuwa na siku moja na nusu sijalia. Nilidhani nitalia pale, peke yangu, lakini nilikuwa nimeshika maneno ya kumwambia shangazi, nikiyapanga na kuyapangua, na machozi hayakupata nafasi.

Nilipoona moshi wa vyungu vyao ndipo nilipokumbuka jambo ambalo wakubwa wote barazani walikuwa wamelisahau. Miaka mingi mjini, chumvi ya pakiti, nani angekumbuka?

Kwa wachemshaji, mtu akifika uwanja wa chumvi kutoka nyumbani haulizwi habari kwa mdomo. Mkubwa wa wachemshaji humtilia chumvi mpya kiganjani, wote wakimtazama. Mwenye msiba haonji chumvi mpaka maiti wake azikwe. Basi akiilamba, wanajua nyumbani ni salama. Akiimwaga chini, wanajua pia, na kilio huanza bila mtu kusema neno. Mkubwa wa wachemshaji mwaka ule alikuwa shangazi yangu.

Alikuwa ameinama kwenye vikapu vyao virefu vilivyotundikwa juu ya miti, akimimina maji juu ya udongo mweupe waliokwangua, na maji yale yakidondoka taratibu ndani ya chungu, tayari kwenda motoni. Aliponiona alijifuta mikono kwenye kitenge. Hakutabasamu. Alikwenda kwenye chungu kilichokuwa kimekauka nusu, akachota chumvi kwa vidole, akaja nayo. Wanawake wengine waliacha kazi.

Aliiweka kiganjani mwangu. Ilikuwa bado na joto. Nilimtazama usoni, nikaona shavu la kushoto lililobaki limelegea kidogo tangu ugonjwa ule, nikaona jinsi alivyokuwa akipumua. Nilisema moyoni, liwalo na liwe. Nikailamba.

Wanawake walipiga vigelegele. Shangazi alicheka akanipiga begani.

"Minye niliona kinga iko nakuya mu katikati ya juma, moyo ikakufa," alisema. "Kumbe weye tu! Mudogo yangu iko namuna gani?"

"Iko nakuita, baba mwanamuke. Hajisikie muzuri."

"Atajisikia. Tutamubebea chumvi ya hii chungu. Bukari ya bila chumvi ya hapa haimupite mu koo, tangu utoto."

Nilitaka tuondoke Jumatano alfajiri. Tungefika njiapanda saa sita na Likasi mnamo saa tisa. Lakini asubuhi nilimkuta ameshawasha moto upya. Chungu cha mwisho kilikuwa hakijakauka vizuri, na chumvi ikifungwa ikiwa mbichi hutoa maji njiani. Nilimwambia twende tu. Nilimwambia baba anangoja. Nilimwambia mara tatu, kila mara sauti yangu ikipanda, mpaka akaniangalia kwa mshangao.

"Haraka ya nini? Weye ulilamba chumvi. Kama iko muzima, atangoja siku moya."

Nilikuwa nimeshajifunga mwenyewe kwa ulimi wangu. Siku nzima ile ya Jumatano niliketi kwenye gogo nikimtazama akikoroga polepole, akipuliza moto, akichagua majani mapana ya kufungia. Kila fungu alilifunga mara mbili, akaliweka kivulini, akarudi kulibonyeza kwa kidole. Kubwa zaidi lilikuwa la baba. Mimi nilijifariji kwamba mazishi ni Alhamisi alasiri, tutawahi. Nilihesabu saa mpaka nikachoka, na kila nilipohesabu zilitosha.

Alhamisi tuliondoka umande ukiwa haujakauka. Nilimfungia mto kwenye keria, akaketi upande, mafungu ya chumvi mapajani, mkono mmoja umeshika kiti changu. Hakuwa mzito. Hapo ndipo nilipojua jinsi alivyokuwa amezeeka.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kupita ile ya kusini. Mahali pa kwanza nilipotaka kumwambia ni kwenye kijito, pale tuliposhuka nikasukuma baiskeli juu ya magogo mawili. Alikuwa amesimama ng'ambo, amevua viatu, anatulia. Nilifungua mdomo, nikamuuliza kama ana kiu. Mahali pa pili ni kivuli cha kichuguu, tulipokula muhogo wa kuchemsha. Alinipa chumvi ya kuchovya na nikachovya, kwa kuwa aliyekwisha kuvunja chungu haogopi vigae. Mahali pa tatu ni pale njia inapopanda kidogo na ziwa zima linaonekana, jeupe pembeni, katikati rangi ya risasi, bila mtumbwi, bila mtu. Alinishika mgongo nisimame tutazame.

Ni hapo alipoanza kunisimulia. Baba akiwa mdogo alikuwa mwizi wa chumvi. Alikuwa akijificha kwenye matete, akingoja wanawake wageuke, akachovya mkono wote chunguni. Siku moja alichovya kwenye chungu cha moto. Alipiga kelele mpaka ndege wakaruka ziwa zima, kisha akakimbia huku bado analamba vidole.

"Anakimbia, analia, analamba!" Shangazi alicheka mpaka baiskeli ikayumba ikabidi niweke mguu chini. "Analia, analamba! Utamuuliza leo. Atakana."

Nilisema nitamuuliza.

Nimejitetea mara nyingi kwamba nilinyamaza kwa ajili ya afya yake. Ni kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba mpaka siku ile nilikuwa sijasema kwa mdomo wangu kwamba baba amekufa. Wengine walikuwa wamesema, mimi nilikuwa nimeitikia kwa kichwa. Na kwenye njia ile, nyuma yangu, kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye kwake baba alikuwa bado mzima, anangoja chumvi yake, na atakana wizi wake wa utotoni. Sikutaka kufika. Niliendesha polepole kuliko nilivyoweza. Hilo sijapata kulikiri kwa padri.

Tulipokaribia zahanati nilimwona mke wangu kwa mbali, na kitambaa cheusi kichwani. Mpango ulikuwa wasivae. Dada yangu alikuja mbio, akanivuta kando kabla sijaegesha baiskeli. Kule mjini, Jumanne, umeme ulikatika kwenye chumba cha maiti na haukurudi. Wakubwa hawakuwa na la kufanya. Baba alizikwa Jumatano jioni.

Jumatano jioni mimi nilikuwa kwenye gogo. Tungeondoka alfajiri ile, tungemkuta.

Muuguzi alimketisha shangazi, akamfunga kipimo mkononi, na dada yangu akapiga magoti akamwambia. Tulisimama tayari kumdaka. Hakuanguka. Moyo uliotuogopesha sote ulistahimili vizuri kuliko wangu. Aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ya kawaida.

"Alikufaka lini?"

"Siku ya kwanza, asubuhi," dada yangu alijibu.

Aliinua mkono, akakunja kidole cha siku ya kwanza, Jumatatu, akakunja cha Jumanne. Aliishia hapo, kwenye siku niliyolamba chumvi, akageuza uso akanitazama. Aliyafungua majani ya fungu kubwa akaangalia ndani, akayafunga tena, akaenda kukaa ndani ya gari.

Hakusema nami njia nzima mpaka Likasi. Makaburini alikuta tuta limeshasawazishwa na msalaba umeshasimikwa. Alichukua udongo kutoka pembeni, kwa kuwa wa kaburi ulikuwa umeshapigwa koleo ukashikana, akautupa juu. Ulibaki pale, rangi tofauti na mwingine. Kisha akaomba arudishwe nyumbani kwa mdogo wake, kwa kuwa kuna kazi yake iliyobaki na watu wana njaa.

Kazi yenyewe ni hii. Baada ya mazishi, mkubwa wa ukoo huwarudishia wafiwa chumvi, mmoja mmoja, kwa kidole chake mwenyewe ulimini mwao. Kabla ya hapo chakula chao hakitiwi chumvi. Ndiyo namna yetu ya kumwambia yatima: umemzika, sasa kula, ishi. Ndugu zangu walikuwa siku tatu wanakula bukari, ugali wetu, na majani matupu, wakimngoja yeye.

Tulipangwa kwenye mkeka uani, watoto sita wa marehemu, kwa umri. Shangazi alifungua fungu la baba, akamimina chumvi kwenye sahani, akaanza na kaka yangu mkubwa. Alimshika kidevu, akamtilia, akamwambia jambo sikioni, na kaka akalia. Akaja kwa dada yangu, vivyo hivyo. Wa tatu ni mimi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Machozi niliyoyakosa siku zote zile yalikuwa yamefika, naye aliyaona.

Alinitazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake; ingekuwapo, ningeishukuru.

"Weye ulisha kulamba," alisema, akapita akamshika kidevu mdogo wangu.