Darasa Linapohama na Mpunga

Siku ile mama alipoitwa shuleni naikumbuka vizuri, mwanangu, maana mpaka leo nikiifikiria napandwa na hasira. Nilikuwa darasa la sita, kijiji kimoja cha bonde hilihili, jirani na Kisawasawa. Masika ilikuwa imekolea, mpunga unatoa masuke, na nyumba nzima tulikuwa tumehamia shamba. Tulilala kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, tukifukuza ndege mchana na nguruwe pori usiku. Niliporudi darasani, Mwalimu akanizuia mlangoni. Jina langu atalifuta, akasema, asipokuja mzazi.

Mama alikuja na Babu, baba yake mzazi. Mwalimu, kijana mgeni kutoka mjini, kwa hasira akasahau hata kuamkia.

"Mama, watu wa huku hamna mwamko kabisa! Elimu kwenu si kitu."

Mama akainamisha kichwa. Babu akabaki anamtazama Mwalimu, anamtazama tu, mpaka shikamoo ikatoka yenyewe.

"Marahaba," akasema Babu. "Wangapi wamekosa leo?"

"Nusu ya darasa, mzee. Kila masika ni hivihivi."

"Mtoto mmoja akitoroka, sema ni mtundu. Nusu ya darasa ikiondoka kila masika, huulizi kinachowaondoa?"

"Sasa mzee, mimi niache kufundisha?"

"Nani kasema uache? Jumamosi uje shambani."

Akaja, na kwa hilo nampa heshima yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alirudi kijijini sauti imemkauka kwa kuwapigia ndege kelele. Kikao kikaitwa. Baba alikuwa mgumu: "Nani atafukuza ndege? Tutakula madaftari?" Wakabishana mpaka wakachoka. Mwisho wakakubaliana majirani walindiane mashamba kwa zamu, watoto wabaki kijijini kwa Shangazi Felista, mjane asiyeweza shamba kwa kuumwa nyonga, na kila nyumba impelekee mchele. Ndivyo nilivyomaliza shule.

Usifurahi upesi. Rafiki yangu Tekla hakubaki. Kaka yake alibaki kwa Shangazi. Yeye, kwa kuwa ni msichana, akapelekwa shamba kuwapikia wakubwa. Mwaka uliofuata akaolewa. Nani alimwonea? Baba yake hakuwa mtu mbaya, na alimpenda binti yake. Hata kufikiria hakufikiria. Kwake, na kwa kijiji kizima, ndivyo mambo yalivyokuwa. Hapo ndipo sosholojia inapoanzia, mwanangu, hapo watu wanaposema "ndivyo yalivyo" na kuendelea kula.

Sasa mimi na mvi zangu nawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na wewe ukiwa mmoja wao, hiyohiyo sosholojia. Juzi nimewaleta huku Kiberege wajifunze kwa watu. Gari limekwama matopeni, nimesukuma na mimi. Nasoma kazi zao: wananchi hawana mwamko. Nafungua ya pili: hawana mwamko. Ya tatu, jamani! Wameshinda sokoni wakijipiga picha, wamekula wali wa watu, wamerudi na maneno yaleyale ya Mwalimu kabla hajapanda dungu. Kaida, taasisi, tabaka, jinsia: mnayakariri kama maneno ya kujibia mtihani. Maneno hayo ni Tekla, anapuliza moto shambani wakati kaka yake anajifunza kugawanya!

Basi nisikilize, na weka hiyo simu chini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kabla hujauita mwepesi, ubebe japo hatua chache. Mtu mmoja akikwama, muulize habari zake. Wakikwama wengi mahali pamoja, uliza habari za mahali hapo: nani anaamua, nani anafaidika, nani anatumwa jikoni bila kuulizwa. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kufika na jibu mfukoni. Na ukimaliza kuwauliza wengine, jiulize na wewe nani aliachwa nyumbani ili wewe usome.

Nakufokea kwa sababu nakutegemea. Mungu akupe masikio mapana na ulimi mzito wa kuhukumu. Akulinde barabarani, akuzidishie akili, na siku utakaporudi na shahada yako, watu wa bonde hili wakuone tangu ukiwa mbali na kukuongezea sahani.