Maksai wa Sauti ya Pili

Mwaka 2018 nilikuwa mwanamume pekee kwenye sauti ya pili, safu ya kina mama, ya kwaya yetu ya Watanzania ughaibuni, mjini Irving. Sauti yangu ilikuwa imebaki juu, na ya tatu, ya wanaume, niliimba kwa kujikaba koo. Jamaa mmoja wa besi akanibatiza maksai.

"Maksai wetu, leo umelishwa?"

Hata mimi nilicheka. Kisha nikarudi nyumbani nikasoma habari za kuhasi. Ndivyo nilivyo: neno likiniuma, nalisoma mpaka nilimalize.

Hapo ndipo nilipowajua waimbaji matowashi wa Italia. Wavulana walihasiwa kabla hawajabalehe. Kifua kikakua, koo likabaki la mtoto. Kuhasi kulikatazwa, ila makanisa yaliwapokea, na wazazi walisema mtoto alianguka kutoka kwenye farasi au aliumwa na nguruwe. Wachache walipata sifa. Wengi hawakuambulia hata sauti nzuri.

Tulialikwa kuimba kanisani katika mji wa Pearland, na video ingetumwa nyumbani Tanzania. Niliwawaza baba zangu wadogo wakiniona katikati ya kina mama. Mwalimu wa kwaya alikuwa amesema nichague safu kabla hatujafika, nami nilishamwambia nahamia ya tatu.

Njiani, ndani ya gari, jamaa wa besi akaanza. "Maksai, mbona kimya?"

Nikamwaga yote niliyosoma, nikijisahihisha kila baada ya sentensi, kama mtu anayefanya mtihani wa mdomo. Hakuna aliyecheka.

"Umeyatoa wapi hayo, mtandaoni?" akauliza.

Mama niliyezoea kusimama naye kwenye kwaya alikuwa anamenya chungwa. "Na wanawake wa huko, hawakuwa na sauti?"

"Walikatazwa kuimba kanisani, mama."

"Kumbe! Wakawakata watoto ili mama zao wanyamaze." Akanipa kipande. "Nasikia unatuhama."

Nikakipokea. Katazo lile nilikuwa nimelisoma mara nyingi, nikalipita kama maelezo ya pembeni. Nilikuwa najitafuta mimi tu humo.

Pearland nilisimama kwenye safu ya yule mama. Kiitikio cha kwanza niliingia mapema, peke yangu, mbele ya kanisa zima. Mama akanikanyaga mguu, tukaendelea.

Kosa hilo limo kwenye video. Ni sauti ya pili, na inasikika vizuri.