Siku Nilipowafungulia Ng'ombe wa Mahari

Mnisamehe mwandiko unaopanda na kushuka, na herufi nikizikosea, maana shule yangu ni ya msingi tu na naandika polepole, lakini aibu hii nimekaa nayo mno, bora niwape mcheke.

Siku ile akina Masunga walileta ng'ombe wa mahari ya dada yangu Kabula, wakaingizwa zizini kwetu, wazee wakaingia ndani kula kabla ya kutamka kwamba wamewapokea, mimi nikabaki kuwalinda (kazi niliyoipenda, ng'ombe hawakuulizi neno). Mara mchana ukafifia, ubaridi ukashuka, kuku wakaelekea bandani. Redio ilishatangaza kupatwa kwa jua, ila mimi redio yangu ilikuwa Bibi, aliyetusimulia jioni tukipukuchua mahindi kwamba zamani jua likiliwa mtemi hufa au sotoka huingia, na ng'ombe waliomo zizini haponi hata mmoja.

Nikaona mahari ya dada inakufa mbele yangu. Kuingia kusema mbele ya wageni niliona haya, nikavuta miti ya lango.

Nilidhani watasimama hapo nje. Wakashika njia ya kwao, wakavuka reli, wakapita katikati ya malori ya Isaka, mimi nyuma na kiatu kimoja, madereva wakiniuliza nahamia wapi. Na kwetu ng'ombe wa mahari wakirudi, maana yake mchumba amekataliwa.

Nilimkuta Mama Masunga amekaa chini uani, analia.

"Mwanangu ana kasoro gani?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimekuuliza."

Nikanyoosha kidole juu. "Jua lilikuwa linaliwa."

Akatazama. Jua zima, linawaka kama siku zote. Akanitazama mimi, akautazama mguu usio na kiatu, akajifunga kanga kiunoni na kuchukua fimbo. "Swaga," akasema, "kabla mume wangu hajatukanana na baba yako."

Tulikuta Kabula amejifungia chumbani, wazee hawasemezani. Mama Masunga ndiye aliyeeleza, na wa kwanza kucheka alikuwa Bibi.

"Ng'wanawane, mwanangu, wewe ulilala mapema. Mwisho wake jua hutapikwa, na ng'ombe hurudishwa zizini."

Bibi hayupo tena. Kabula na Masunga wako Kalangalala na watoto wao, na wingu likipita tu shemeji hupiga simu kuuliza kama nimekaa mbali na lango. Nacheka, kisha nayakumbuka yale mahindi, na sauti ya Bibi ikiendelea huku mimi nasinzia. Nimeapa sitasimuliwa tena kitu nikakiacha njiani.

Kama bibi zenu walisimulia habari za jua kuliwa, niandikieni, nitasoma polepole. Ila tafadhali, msiache kuandika na mwisho wake.