Sukari Iliyowasha Glopu

Zamani mwanafunzi alijua kwamba chembe za chumvi na za sukari hazishikani kwa namna moja kwa sababu aliziyeyusha kwa mkono wake mwenyewe; siku hizi anabonyeza kitufe na kuamini anachoonyeshwa.

Mwalimu wa kemia, ambaye wanafunzi walimwita Babu Glopu akishawapa mgongo, hakukubali kamwe kuanza na nadharia. Betri, nyaya mbili, glopu ya tochi na vikombe viwili vya maji: hapo ndipo somo lilipoanzia. Chumvi ikiyeyuka, glopu inawaka, kwa kuwa ayoni zake zenye chaji huachana na kutembea majini. Sukari ikiyeyuka, kimya. Atomu zake zinamiliki elektroni kwa ubia, haziachani, na molekuli zake hazina chaji ya kupitisha umeme.

Asubuhi ya siku ambayo mkaguzi angeamua kama maabara ibaki au igeuzwe chumba cha kompyuta, mke wa mwalimu alimwita mlangoni.

"Baba watoto, miwani!"

"Ya nini? Rafu zile nazijua hata nikifumba macho."

Hakujua kwamba mfagizi alikuwa amezipanga chupa upya. Maabara, mbele ya darasa, mkaguzi na mkuu wa shule, alichota unga mweupe pale pale ilipokaa sukari miaka yote, akakoroga, akatumbukiza nyaya.

"Sasa tazameni. Haitawaka."

Glopu ikawaka.

"Mwalimu, hata sukari imevutiwa umeme, na kwetu bado!" akasema msichana wa mbele. Darasa likaangua kicheko.

Mzee hakucheka. "Basi hii si sukari. Ni chumvi. Glopu haina upendeleo."

"Si uonje tu, tuhakikishe?" mkuu wa shule akanong'ona.

"Humu hatuonji kitu."

Mkaguzi alifunika kalamu yake taratibu. "Mzee wangu, kipimo chako kimesema kweli. Lakini leo umedhani chumvi ni sukari. Kesho je, ikiwa asidi?"

Mzee akachomoa nyaya majini. Likizo ilipokwisha masinki yalikuwa yameng'olewa, naye amestaafishwa.

Mara ya mwisho kuwaona wanafunzi wake, alikuwa amefuata koti lake jeupe. Walikaa safu safu wakitazama picha ya kompyuta ukutani. Msichana yule akabonyeza, na glopu ya kuchorwa ikawaka manjano. Hakuna aliyelowa vidole, hakuna aliyecheka. Mzee akasimama dirishani, akingoja angalau mmoja aulize kwa nini. Kengele ikalia, wakatoka kwa mlango wa upande wa pili.